Kilio cha Uani kwa Ndugu Rushit

Berat, 11 Januari 1980

Mwanangu Bardha,

Hujambo? Petrit na mjukuu wangu Arta hawajambo? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Tangu baba yako atutoke, kuni napasua mwenyewe.

Jana redio ilitangaza kwamba Ndugu Rushit, bosi wa mumeo, amefariki ghafla. Nilikaa chini palepale. Sote tulijua yeye ndiye angemrithi Kiongozi kuitawala Albania. Nikakumbuka arusi yenu, alivyokula byrek yangu, ule mkate wa tabaka wa mchicha, akaomba tena, akasema, "Mama, Chama kinakuhitaji jikoni." Basi nikajifunga kitambaa cheusi, nikatoka uani, nikamlilia kwa sauti kama nilivyomlilia baba yako. Majirani wakatoka, wakaitikia.

Mpe Petrit pole. Kumwendesha mtu kwa gari miaka yote ile ni kama undugu.

Mama yako

Tirana, 15 Januari

Mama, shikamoo.

Magoti yanaendeleaje? Sisi afya tunayo.

Mama, kivue hicho kitambaa. Redio imegeuka. Sasa wanasema Rushit alikuwa adui siku zote, alitaka kumpindua Kiongozi. Hakuna aliyethubutu kwenda kumzika. Petrit wamemchukua alfajiri, na ndara zake miguuni. Sanie wa ghorofa ya chini, yule wa kuniomba chumvi kila siku, leo kaniona akavuka barabara.

Watu wa Chama wanataka nimwache Petrit kwa maandishi. Nikikataa, mimi na Arta tunapelekwa kijiji cha waliofukuzwa, na faili la mtoto serikalini litachafuka maisha yake yote. Nifanyeje, mama?

Mwanao Bardha

Berat, 19 Januari

Mwanangu,

Salamu nyingi, na umbusu Arta.

Jana niliitwa kwenye mkutano wa mtaa. Katibu Hekuran akauliza, "Shangazi Nazmie, nani kakutuma umlilie adui?" Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile alikuwa Ndugu. Na wewe uliitikia kuliko wote." Hakuna aliyecheka. Wameandika jina langu.

Mwache Petrit. Ni kijana mwema. Alimbeba baba yako mgongoni mpaka hospitali, sijasahau. Lakini Arta ana miaka minne tu. Saini chochote watakachokuletea, mje nyumbani. Kitanda nimeshatandika.

Mama yako

Tirana, 26 Februari

Raia Nazmie,

Nimeachana na adui Petrit. Pia natangaza kwamba mimi si binti wa mtu aliyemlilia msaliti Rushit, na mwanangu hana bibi Berat. Usituandikie wala usije. Barua hii imesomwa mbele ya kamati kabla ya kutumwa.

Bardha

Berat, 4 Machi

Raia Bardha,

Barua yako imefika. Nimemwomba Hekuran aisome mbele ya mkutano, ijulikane kwamba wewe si wangu. Nami nimesimama nikasema ni kweli.

Sitaandika tena.

Mtoto ana kifua dhaifu. Usiku wa baridi umfunike mgongo kwanza.

Nazmie