Chungu Kisivunjwe

Magamba, juu ya Lushoto

Nangasu dada yangu, ukifungua barua hii usianze na salamu. Kimbia kwanza kwa mjomba ukamwambie chungu kisivunjwe! Kisha rudi, kaa chini, umsomee mama polepole.

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ingawa baridi ya msitu huu inauma.

Barua yenu niliipata Jumamosi. Mmesema baba mdogo amekataa tena kurudisha shamba la migomba la marehemu baba, na mjomba ameshatafuta chungu kipya cha kuvunja, kumlaani yeye na nyumba yake. Mnangoja mwezi uandame, na neno langu mimi mrithi. Mama, sitaficha, neno langu lilikuwa "vunjeni", ila nilikuwa sijaliandika. Shamba lile nalijua kwa hatua, urefu na upana. Kwa ajili yake nilitoka nyumbani na shati moja, na huu msumeno nilionao leo hakunipa mtu.

Basi sikia. Jumatatu mwenzangu wa kupasua mbao akashikwa na homa, mnyapara akaniletea mtu mwingine. Nani? Eliakimu! Mtoto wa kwanza wa baba mdogo!

"Mpare mwenzako huyu," mnyapara anasema. "Mtaelewana."

Nilifurahi, mama, furaha mbaya. Kazi yetu ni hivi: gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu akiongoza msumeno kwenye mstari, mwingine yuko shimoni anavuta, na vumbi lote linamwangukia usoni. Wa juu ni mimi. Nikavuta kama mwehu.

"Kula vumbi," nikamwambia. "Huo ndio urithi wako."

Akatema, akacheka. "Mtamu, kaka. Ila ubao wako unakwenda upande!"

Nikatazama. Kweli! Ubao wa mti wa mkulo, mwanzo inchi moja kamili, mwisho inchi mbili kasorobo. Mimi, ambaye mnyapara hata hapimi tena mbao zangu!

Tulipopumzika hakuwa na chakula. Nikamgawia ugali, uso nimeukunja. Ndipo akasema, "Shamba lenu sijatia jembe. Nilimwambia baba lirudi kwa wenyewe, akanifukuza. Unadhani nimefuata baridi huku?"

Tangu hapo sina raha. Gogo likilia kidogo tu, nasimamisha msumeno: wameshavunja bila kuningoja? Chungu kinalaani nyumba nzima, na mtoto wa kwanza wa nyumba ile yuko chini ya miguu yangu. Gogo likimwangukia, mkono wa chungu si ndio mimi? Jana kabari inayoshikilia gogo ilichomoka. Nilipiga kelele "Toka!" kabla sijajua nimefungua mdomo. Akaruka nje, gogo likatikisika, likakaa. Tulicheka mpaka watu wa shimo la pili wakaja kutazama wendawazimu!

Mwalimu wa kanisa alikuwa akisema kisasi Mungu amejiwekea mwenyewe, nami nikinung'unika kwamba ametunyima haki yetu. Kumbe ametupunguzia mzigo! Sisi tunapiga nyumba nzima. Yeye anajua nani alichukua shamba na nani alifukuzwa kwa kulitetea.

Msidhani nimeliacha. Baba mdogo ametudhulumu, na nitalidai shamba kwa mfumwa, mtawala wetu, barazani, mchana, mbele ya watu. Na shahidi wangu ni nani? Eliakimu! Amekubali mwenyewe. Mjomba angevunja chungu, angemmaliza shahidi wangu!

Barua hii inashuka sasa hivi na lori la mbao, ipande garimoshi Mombo. Msalimieni mjomba, asinikasirikie. Msalimieni mwalimu wa kanisa, na mke wa baba mdogo pia, mwambieni mwanawe anakula.

Mama, naamini chungu hakijanenewa neno bado. Kichukue wewe. Tutakuja wawili kwa ajili ya baraza, na mtu wa shimoni ana njaa kuliko wa juu. Kitumie kupikia makande.

Mwanao anayekukumbuka,
Zefania