Namba ya Visheti

Walthamstow, Ramadhani 2006

Mwanangu Munir,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila magoti yananigomea. Anayeandika ni mpwa wako Najla. Maneno ni yangu, na asithubutu kupunguza hata moja.

Biashara ya visheti imechangamka. Najla alitaka kuwatumia wateja meseji za Idi zinazotokea kwa jina la biashara, bila namba. Nikamuuliza, "Na mtu akitaka kujibu?" Akasema, "Hawezi, Bibi." Nikamwambia, "Mjinga we! Unamsalimia mtu halafu unamziba mdomo?" Basi tukachukua namba ya kawaida, ya simu ya mkononi.

Wamejibu, mwanangu! Wengine wanasalimia tu, wengine wamewapelekea jamaa zao. Na moja imetoka kwenye namba tusiyoijua: "Kilo moja, bila iliki." Munir, London nzima nani mwingine anakula visheti bila iliki? Tangu tugombane kwenye harusi ya dada yako hupokei simu yangu, kumbe mkono wangu unautamani.

Nimeshavikaanga. Hounslow sipeleki, wala posta siendi. Njoo uvichukue mwenyewe siku ya Idi, nami nikukumbatie mpaka mbavu zilie.

Mama yako,
Bi Faridah