Sanduku Lililoondoka Sabato

Ijumaa, 18 Julai 2025

Trela ya Uzair imefika saa tisa na nusu. Saa tisa na nusu! Na nilimwambia asubuhi. Anasema alikuwa msikitini, swala ya Ijumaa, halafu wageni wakamshika. Haya. Yeye ana Ijumaa yake, mimi nina Sabato yangu inayoingia jua likizama, na kazi imebaki katikati.

Kazi yenyewe si ngumu. Uzair anakodisha hema na viti. Anataka sanduku la chuma mbele ya trela la kuwekea jenereta, nyaya, nyundo na vigingi vya hema. Sanduku nilishalitengeneza tangu Jumatano. Kilichobaki ni kulifunga kwenye chesisi — bolti nane, mashimo yatobolewe ubavuni mwa chesisi. Wale mafundi wa kule chini wangelichomelea moja kwa moja wakaenda kunywa chai. Mimi sifanyi hivyo. Moto ukila chesisi, chuma kinachoka, na siku kikipasuka kuna mtu anatembea nyuma.

Nikapima, nikaliweka, nikaligusa kwa moto mahali panne. Vidoa tu, kama punje za mahindi, lisisogee nikitoboa. Kushika drili — stima ikapotea. Stima kurudi, saa kumi na mbili na robo. Mke wangu Drusilla ameshapiga simu mara mbili, watu wa maombi wako nyumbani na mimi mwenye nyumba bado niko karakana Kisii, grisi mpaka kwenye viwiko. Nikafunga drili, nikakimbia. Nitamaliza Jumapili asubuhi.

Nimezima simu. Jua linazama.

Jumamosi, 19 Julai, Sabato imeisha

Siku ilikuwa njema. Nimefundisha somo mbele ya kanisa, juu ya uaminifu katika mambo madogo. Watu wameitikia vizuri.

Jua lilipozama nikawasha simu. Jumbe za kutafutwa zikamiminika: Mose, dereva wa Uzair, mara tatu. Bosire mara nne.

Bosire ndiye hunipakia rangi. Ni Mkatoliki, Jumamosi yuko kazini. Nimempigia. Ana furaha tele, ananiita Tata, yaani baba, kama kawaida yake. Kazi imeenda, Tata! Amepiga rangi ya kijani mara mbili, inang'aa, Mose akaja, wakanitafuta, sipatikani, basi akampa trela aondoke nayo. Iko njiani kwenda Ekerenyo, kuna harusi kesho.

Nikamuuliza, na bolti je?

Akauliza: bolti gani?

Amepaka rangi juu ya vile vidoa. Ukiangalia utadhani kazi imekwisha. Na kila Ijumaa huwa naandika kwa chaki juu ya kazi ambayo haijaisha, Bosire aisome. Jana sikuandika. Nilikuwa nakimbizana na jua.

Jumapili, 20 Julai

Nimeamka nikijua la kusema. Nitampigia Uzair, nitamwambia: simamisha hiyo trela, haijafungwa, kosa ni langu. Sentensi moja.

Nimepiga, akanitangulia kwa vicheko. Fundi Ogari! Mose amempigia kutoka Ekerenyo. Sanduku limetulia, barabara yote ile mbovu halikutikisika. Kazi ya kiume, wallahi. Ameshawaambia wenzake wawili waje kwangu. Halafu akauliza, jenereta kubwa anaweza kuiweka humo? Sanduku litabeba?

Nikasema litabeba.

Sijui lilitoka wapi. Nilifungua mdomo nikiwa na neno moja, likatoka lingine. Nikajaribu kurudi nyuma kidogo, nikamwambia ailete nikague. Akasema mpaka Ijumaa, Alhamisi ana kazi ya hema kwenye mazishi Gesima. Haraka ya nini, si umesema iko sawa?

Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 21 Julai

Chai nimeiacha mezani, nimewahi karakana.

Nimepiga hesabu nyuma ya boksi la nati. Sanduku, jenereta kubwa, vigingi, nyaya: kilo mia tatu na ushei. Juu ya punje nne za mahindi. Na kutoka Gesima kurudi Kisii kwa njia ya Keroka ni kuteremka na kona, na watoto wa shule wanatembea ukingoni, wawili wawili, wakipiga domo.

Bosire amekuja kazini nikamlipukia. Nimemwambia kichwa chake kimejaa rangi. Mbele ya wateja. Akaweka brashi chini taratibu akasema, ungeniambia, Tata, nisingeigusa. Akaenda nyumbani. Kinachoniuma ni kwamba ni kweli.

Jumanne, 22 Julai

Drusilla ameuliza mbona nimemfukuza Bosire. Nikasema sikumfukuza, ameondoka. Nikamweleza yote, stima, rangi, Ekerenyo, simu ya Jumapili. Nikamweleza makosa ya Bosire kwa urefu.

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. Akauliza, na Jumapili, aliyemwambia Uzair iko sawa alikuwa Bosire?

Nimetoka nje nikampigia Uzair. Nimemuuliza hali ya biashara. Nimemuuliza mkewe Asli na watoto wanaendeleaje. Wote wazima, alhamdulillahi. Nikakata simu. Mzee mzima, mzee wa kanisa, nimesimama kati ya migomba yangu namsalimia mtu watoto wake.

Jumatano, 23 Julai

Nimenunua bolti mpya nane na nati za kujibana. Nimeweka drili kwenye mfuko pamoja na waya mrefu. Kesho nakwenda Gesima mwenyewe. Nitasema nimekuja kukaza tu, ni kawaida ya kazi mpya. Hakuna atakayejua, na sanduku litakuwa salama.

Drusilla ameona mfuko. Ana namna ya kutosema kitu inayochoma, huyu mama.

Alhamisi, 24 Julai, Gesima

Naandika kwenye kiti cha plastiki, nyuma kabisa ya waombolezaji. Simjui marehemu. Mose alifurahi kuniona, akadhani marehemu ni ndugu yangu, akaniletea sahani ya chakula. Nimekula matoke ya msiba ya watu nisiowajua.

Trela iko ukingoni mwa shamba la chai. Mlango wa sanduku uko wazi na jenereta kubwa inanguruma humo ndani. Nimelizunguka, nimeweka mkono. Linatetemeka lote. Kidoa cha kwanza kimepasuka. Rangi ya kijani imeachana, ufa mwembamba kama unywele. Cha pili pia. Cha tatu sikutaka kukiangalia, nikakiangalia. Kimepasuka. Kimebaki kimoja.

Na drili yangu inataka stima, na stima yote ya boma hili ni hiyo jenereta, na jenereta ndiyo inabeba kipaza sauti cha mchungaji. Kwa hiyo siwezi kukaza kimya kimya kama nilivyopanga. Lazima niombe. Nikiomba, nitaulizwa.

Basi, wakishazika.

Baadaye. Wameshazika. Jenereta imezimwa kabla sijainuka. Watu sita wa Uzair wanakunja hema. Nitamwambia Mose wakimaliza hema.

Wamemaliza hema. Wanapakia viti. Nimesimama, nimemwendea mpaka karibu, akaniuliza, Tata, tukupe lifti? Mbele kuna nafasi. Nikasema asante. Nikarudi kukaa.

Wacha niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Naogopa. Nikimwambia Mose, Uzair atajua leo hii kwamba Jumapili nilimdanganya, na Uzair akijua, soko zima la Kisii limejua, na kanisa. Miaka ishirini na sita ya kusema mimi siyo kama wale wa kule chini. Naogopa hiyo aibu kuliko ninavyowaogopea wale watoto wa barabarani. Sikujua mimi ni mtu wa namna hii.

Viti vimeisha. Wameanza kupanda. Wawili wameketi juu ya sanduku, miguu inaning'inia, mmoja anamenya muwa. Kumbe ndivyo walivyokuja. Ndivyo walivyokwenda Ekerenyo.

Mose ameinama mbele kukagua pini ya trela. Ameona. Anapitisha kucha kwenye ufa. Amegeuka ananitafuta kwa macho, wala hana wasiwasi, uso wake ni wa mtu anayemwamini fundi wake. Ameniita: Tata, kuja kidogo, hii rangi kupasuka hivi ni kawaida?

Nimesema nakuja.

Ameita tena. Nimesema nakuja, na bado nimeshika kalamu.