Kijiji Chetu Kikifanywa Kitongoji

Jumatano, baada ya mkutano

Kwa hiyo ni kweli. Ofisa wa wilaya ametamka hadharani kwamba tumebaki wachache mno, na huenda tukafanywa kitongoji cha kijiji jirani. Zahanati tuliyoanza kuijenga itahamia kwao, ng'ambo ya mto.

Ma Kokushubira, mkunga wetu, alisimama. "Mwanangu, wahesabu na vijana wetu walioko kisiwani Goziba. Vibanja vyao, mashamba yao ya migomba, si viko hapa?"

"Mama, tunahesabu wanaoishi hapa," ofisa akajibu.

Watu wote wakanigeukia mimi, mwenyekiti wao. Nikaomba tusubiriwe hadi msimu wa kahawa, vijana warudi. Ofisa akaitikia kwa kichwa tu. Sijui kama alikubali au alikuwa anataka kuondoka.

Tulipokuwa tunatawanyika, Ma Kokushubira alinishika mkono. "Mkeo akishikwa uchungu mto umejaa, tutamvusha vipi?"

 

Kesho napanda boti kwenda Goziba kuwaomba vijana warudi. Lakini walikimbilia kuvua samaki kwa sababu ya ugonjwa wa mnyauko wa migomba, na leo asubuhi nimeng'oa mingine iliyonyauka kibanjani kwangu.