Kipande cha Tumbawe Ulichoniambia Nikitupe

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Bagara tu wazima, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kwa nini sijatupa kile kipande cha tumbawe kilichovunjika kwenye tangi la maji ya chumvi uliloniachia. Sijakitupa, na sikitupi!

Nilipoolewa Mutuka nilikuja na marando ya viazi vitamu kutoka kwetu. Mama mkwe akasema hayatashika, akampa mbuzi. Nikachomoa kipande kimoja mdomoni mwa mbuzi, nikakipanda nyuma ya bafu. Viazi vya kipande hicho mama mkwe alivila mpaka uzeeni, na hakuuliza vilitoka wapi.

Chako nimekibandika kwa gundi juu ya jiwe. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, nakoroga maji kwa mkono. Jana niliona kimeota kidole kipya. Ukija likizo, leta mawe mengine.

Bibi yako