Ulezi Wako Umepurwa, Shangazi

Shangazi,

Shikamoo. Nimeitanguliza kwa sababu ulikuwa hunisikilizi mpaka niitoe, hata kama nimekuja mbio kukuambia jiko linaungua. Ipokee, mengine yafuate.

La kwanza nililotaka ulijue ni kwamba ulezi wako umepurwa. Wote, kwa fimbo, pale pale uwanjani kwako Kasense, na safu ya wapuraji ilipata mtu wa kuiongoza. Najua hilo ndilo lililokuwa likikusumbua kule wodini, maana uliulizia ulezi kabla ya kutuulizia sisi. Basi tulia. Nitakusimulia ilivyokuwa, ila niache nianzie mbali kidogo, kwa sababu ninayotaka kukushukuru hayakuanza mwaka huu.

Unaikumbuka shoo yangu ya kwanza mjini? Ulikuja na kitenge chako cha kanisani, ukakaa mbele kabisa katikati ya vijana waliogeuza kofia, wakawa wanakusabahi kwa mzaha, "Mambo, bi mkubwa," nawe ukiwajibu "poa" kama mliozaliwa mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nimejiita Kasi. Nilidhani kuchana mistari ya rap ni mbio, anayemaliza maneno mengi kwa muda mfupi ndiye bingwa. Nilipanda jukwaani nikamwaga mistari kama mvua ya mawe kwenye bati, na ubeti wa pili haujafika nusu, pumzi ikakata. Nikabaki nimeshika maiki natweta. Hakuna aliyenizomea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Walinitazama tu, kisha wakaendelea na karanga zao.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilitegemea unipoze moyo, wewe ambaye ulinichukua kwa baba kule Mwimbi ukanilea kama wa tumbo lako. Ukauliza swali moja tu: "Kasi ya kwenda wapi, Skola?" Nilikasirika, Shangazi. Nilisusa hata ugali wako wa ulezi, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hafanyi.

Hukunibembeleza. Ulingoja mpaka wakati wa kupura ukanipanga kwenye safu, uso kwa uso na Bibi Oliva, mkongwe wa safu. Nilikuwa nimezoea kupepeta tu pembeni na wasichana wenzangu, sikuwahi kushika fimbo. Safu mbili zinatazamana, masuke yako katikati, hawa wakishusha wale wanainua. Ukaanza kuongoza, na mimi, Kasi mwenyewe, nikaona mnachelewa. Nikaharakisha. Fimbo yangu ikakutana na ya Bibi Oliva hewani, ikamwachia ganzi ya mkono mpaka kwenye bega. Akakuuliza kwa Kifipa, akidhani labda mimi mtoto wa shule sielewi, "Huyu anapura ulezi au ananipura mimi?" Safu nzima ikasimama kwa kicheko.

Ukanijia pale pale. "Fimbo ikipanda, vuta pumzi. Ikishuka, sema. Na usiwaache wenzako." Ukarudi mahali pako ukaendelea, nami kwa mara ya kwanza nikakusikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi. Ulikuwa unasema haraka kuliko mchanaji yeyote niliyewahi kumsikia redioni. Ulimwita kila mtu kwa jina, ukamtania, ukamsifu, ukamkumbusha mbuzi wake aliyekula mboga za jirani, na kila aliyeitwa alijibu kwa pigo la fimbo. Hata aliyekuwa anapepeta kule mwisho wa uwanja alisikia kila neno. Na hukutweta. Mwishoni ulijiita mwenyewe, "Na Gaudensia?", ukajijibu "Yupo!" kwa pigo kubwa kuliko yote, nasi tulilicheka kila mwaka kama hatujawahi kulisikia.

Hiyo ndiyo shule yangu. Watu wa redio wananiuliza nimejifunza kwa nani, wanategemea nitaje jina la msanii fulani wa Dar. Nakutaja wewe, wanadhani natania.

Jofu, yule prodyuza wetu mwenye studio nyuma ya duka la saruji, ile iliyobandikwa trei za mayai ukutani, aliniona nachana huku mkono wangu unapanda na kushuka. "Unapura nini humo ndani?" akaniuliza kwenye spika. Nikamwambia, ulezi. Akacheka, lakini alipousikiliza ubeti akaacha kucheka. Wenzangu wote walikuwa wanavuta pumzi mwisho wa mstari, pale msikilizaji anaposubiri neno linalofuata. Mimi nilikuwa naiiba katikati, fimbo inapopanda, na hakuna aliyeisikia.

Pumzi ilikuwa nusu tu ya kazi. Nyimbo zangu za mwanzo zilikuwa majigambo matupu: mimi, mimi, mimi na vina vyangu. Ulizisikiliza zote kwenye ile redio yako ya betri, ukasema zina mtu mmoja tu ndani na huyo mtu anachosha. Nikaanza kuwaita watu, kama wewe. Nikamwita mama wa karanga pale stendi, nikawaita wakulima wa mahindi wanaosubiri lori, nikamwita kondakta anayeapa kwamba gari limejaa huku anakuonyesha kiti. Ndipo ukumbi ukaanza kunijibu. Mpanda walinijibu, Mbeya wakanijibu. Dar walinijibu pia, ingawa wachanaji wa kule walikuwa wanaambiana kwa utani wa uchawi, "Msimguse huyo, pumzi za Sumbawanga hizo, si za bure." Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa. "Waambie dawa yenyewe ni kuamka alfajiri." Nimewaambia, Shangazi. Hakuna aliyeitaka.

Sasa nikufikishe uwanjani.

Tulipomaliza matanga yako, Baba mdogo Sabas alisema ulezi wako ukodishiwe mashine kutoka Milepa, siku moja iwe imekwisha. Usimkasirikie. Alikuwa amechoka, na kila akiutazama ule uwanja anageuza uso. Alisema safu bila wewe itakuwa kilio cha pili. Watu wakanyamaza, na kunyamaza kwetu unakujua, kulikuwa karibu kuwa ndiyo. Bibi Oliva akasema kwa sauti yake ile ya kukwaruza, "Mwenye uwanja ana mtoto." Wote wakanigeukia.

Shangazi, nimesimama mbele ya watu ambao sikuweza kuona mwisho wao, sikuogopa vile. Mdomo wangu unakimbia kwa Kiswahili. Safu inaongozwa kwa Kifipa, na Kifipa changu ni cha jikoni, cha "leta maji" na "funga mlango". Na ulinifundisha mwenyewe kwamba kiongozi asiyeitikiwa anaweka fimbo chini. Ningeiweka chini mwaka huu, mashine ingekuja mwaka huu, na mwakani, na kila mwaka, na wapuraji wako wangetawanyika kila mmoja nyumbani kwake. Hilo ndilo lililonitisha. Kwamba kitu ulichokibeba maisha yako yote kingeangukia mkononi mwangu kikavunjika.

Nikasema nitaongoza.

Asubuhi ile kulikuwa na ule upepo wetu wa Juni unaopita kwenye sweta kama hujavaa. Nilianza vibaya. Ulimi ulinishika, nikachanganya Kifipa na Kiswahili, akina mama wakachekea kwenye vitenge, na Bibi Oliva akawa ananisahihisha kwa sauti huku anapura. Jibu likawa linakuja jembamba. Nikasema moyoni, basi, imeshindikana. Halafu nikaacha kufikiri maneno, nikaitazama fimbo. Ikipanda, vuta. Ikishuka, sema. Nikamwita Baba mdogo Sabas nikamwambia fimbo yake ina usingizi kama Dominika baada ya misa. Akaipiga chini kwa hasira ya uongo, safu ikaitikia, na kuanzia hapo mdomo wangu ukashika njia. Nikawaita wote kwa mpangilio wako, jirani kwa jirani, na kila mmoja akajibu. Nilikuwa na furaha, Shangazi. Sikuwa na nafasi ya kuwa na huzuni.

Na kwa furaha ile ile, kwa mazoea, mdomo ukaenda wenyewe mpaka mwisho. "Na Gaudensia?"

Fimbo haikushuka.

Safu mbili zimesimama, fimbo juu. Nikasikia makapi yanavyotambaa uwanjani kwa upepo. Baba mdogo Sabas aligeuza uso wake. Nilitaka ardhi inimeze, nilitaka niiweke ile fimbo chini nitembee mpaka mjini nisirudi. Nimemwita marehemu kazini mbele ya nduguze. Ni mtu wa uwanja ule tu, aliyelizoea jibu lako, ambaye angeweza kukosea hivyo.

Bibi Oliva akasogea. Alitoka mahali pake akaja akasimama pale ulipokuwa unasimama wewe, taratibu, na magoti yake yale. Akainua fimbo, akaishusha. "Yupo," akasema. Hakupaza sauti hata kidogo. Na safu nzima ikapiga kwa pamoja mpaka ulezi ukaruka.

Nililia, lakini kiongozi hasimami, kwa hiyo nililia huku naita. Machozi na makapi usoni, sura yangu sijui ilikuwaje. Jioni tulikaa kunywa kimpumu, na Baba mdogo Sabas, mrija mdomoni, akaniuliza kama mwakani tuanze mapema kidogo. Habari ya mashine haikutajwa tena.

Ule wimbo nimeurekodi. Unakwenda haraka kuliko zote nilizowahi kufanya, na mwishoni nakuita, biti inakatika, kimya, kisha linasikika pigo moja. Nilimpeleka Bibi Oliva mwenyewe studio. Alikataa kuvaa hedifoni, alisema hawezi kuzibwa masikio na kijana asiyemjua, akapiga gunia la ulezi mara moja akauliza kama wamemaliza. Jofu akaniambia pigo limechelewa, anaweza kulisogeza likae kwenye biti. Nikamwambia asiliguse. Ndivyo lilivyochelewa uwanjani.

Asante, Shangazi. Asante kwa kunilea, asante kwa kutonibembeleza usiku ule wa aibu yangu, asante kwa kuniuliza kasi ya kwenda wapi. Ilikuwa ya kurudi hapo uwanjani, nami sikujua.

Mbegu nimezitenga, zile nyekundu ulizozipenda. Sasa lala, nami nikupe ahadi yangu. Kila ulezi utakapokuwa uwanjani nitakuwepo, niwe na shoo nisiwe nayo. Nitawaita wote kama ulivyowapanga. Wewe nitakuita mwisho, nitainua fimbo, nitavuta pumzi, na nitangoja mpaka mtu akujibie.

Mwanao,
Skola