Mtani Wangu Bi Mwanahawa na Mende wa Ghorofani

Manzese, Dar es Salaam

Dada Tausi,

Shikamoo dada yangu, na mpe mama shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua unamsomea yeye huku anachambua maharage. Mgongo wake umepona? Na shemeji, bado anakoroma mpaka kuku wanahama banda? Mie huku mzima kama unavyonijua: mzuri wa sura, mwepesi wa mdomo, na sasa nina kazi yenye sare. Mama alisema sauti ya simu haisomeki mara mbili. Haya, nimeandika. Mwandiko ukikusumbua mlaumu mwalimu, mie nilikuwaga nawahi kutoka.

Kazi yenyewe ni kuua wadudu kwenye maghorofa ya umma huku Kinondoni. Usicheke! Nina buti, nina glavu, nina barakoa. Nikipita, watoto wa Manzese wananiita rubani, na mie siwakatalii.

Hayo majumba, dada, ni familia juu ya familia. Katikati ya kila jengo kuna uwazi wa mabomba unaotoka chini mpaka juu. Sie tunapanda ngazi, mende wanapanda humo. Wa chini wakikaanga samaki, mende wa juu kabisa ana habari.

Bosi wetu ni Mama Neema, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha lori. Huyu mama namkubali mpaka basi. Wengine huja, wakapuliza nyumba ya yule aliyelalamika, wakaenda zao. Yeye hapulizi ovyo. Anatumia dawa ya kubandika, imekaa kama dawa ya meno, unaikamua kwa bomba la sindano lisilo na ncha: tone dogo kama punje ya mtama kwenye bawaba za kabati, jingine nyuma ya jiko palipo na joto. Mende anakula, anarudi kufia kwao, wenzake wanamla na wao wanakufa. Ila ana sharti: milango yote ya ngazi moja ifunguliwe siku hiyohiyo, majiko yakiwa yamesuguliwa. Mlango mmoja ukibaki umefungwa, hao jamaa wamepata kambi, na kazi yote ni bure.

Na watu wanamsikia! Ungeona wanawake wa jengo moja walivyotoa makabati nje, korido nzima povu, mpaka wanaume wakashika brashi. Nikasema, hapa leo ni mteremko.

Kumbe ghorofa ya tatu kuna mlango umekataa. Ndani yupo binti anaitwa Zuhura, kajifungua, arobaini haijaisha, mumewe yuko safarini na lori. Anayemlea ni mama yake, Bi Mwanahawa, Mzaramo wa hapahapa tangu mji haujawa mji. Na kibaya zaidi, jirani wa chini yao, Baba Shani, alichoka kutungoja. Kanunua sumu ya kienyeji sokoni Tandale, imetiwa kwenye chupa ya maji, kapuliza jikoni kwake. Unadhani wale mende walikimbilia wapi? Juu, kwa mzazi.

"Nimewamaliza," Baba Shani akatuambia, kifua mbele.

"Hujawamaliza, baba. Umewapa nauli," bosi akamjibu.

Tukapanda. Mama Neema akabisha hodi, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Karibu, ila hapohapo."

"Bi, shikamoo. Mende wamehamia kwako, tunaomba tuingie."

"Marahaba. Na mimi sina macho? Jana nimemtoa mmoja mdomoni mwa mjukuu wangu, kafuata maziwa. Nakesha na upande wa khanga kama askari wa lindo. Lakini mwanaume mgeni haingii kwa mzazi, na sumu yenu haipulizwi alipo kitoto kichanga. Mkinisumbua nambeba binti yangu nampeleka kwa ndugu yangu Bunju, arobaini au si arobaini!"

Hapo mwisho sauti ilimkatika, dada. Unajua mwenyewe uzito wa kumtoa nje mzazi na kichanga kabla ya siku zao. Akikaa, mende; akiondoka, moyo unamsuta. Bosi alibembeleza kwa adabu zote, bi akajibu kwa adabu zote, na pazia halikutikisika. Mama Neema akakaa kwenye ngazi akashika shavu. Sijawahi kumwona ameshika shavu.

Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Bi, huko Bunju utafikaje? Nyie Wazaramo bila ngoma kutangulia hamwendi hata dukani!"

Bosi alinitazama jicho la kunifukuza kazi. Nyuma ya pazia nikasikia ndala zikisogea. Halafu: "Nani huyo?"

"Ramadhani, Mnyamwezi wa Urambo, mtani wako tangu enzi za misafara ya mizigo."

"Lo! Mtumwa wangu kaja! Nani kakutua mzigo kichwani?"

"Nimeutua mwenyewe hapa mlangoni kwako, mtani. Miaka yote tumebeba sie, leo zamu yenu."

"Mzigo gani?"

"Huu wa dawa. Haupulizwi, unabandikwa. Mie siingii, bomba ndilo linaingia. Wewe fundi, mie nyapara."

Nikasikia kicheko. Pazia likafunguka kidogo, ukatoka mkono wenye hina. "Lete, Mnyamwezi. Na ole wako iwe asali yenu ya Urambo mmeichakachua."

Mama Neema aliruka kutoka kwenye ngazi! Yeye, kwa kuwa ni mwanamke, akaruhusiwa kufika jikoni amwoneshe: mbali na anapolala mtoto, mahali pa kujificha tu, ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Mie nikabaki koridoni nimegeuzia pazia mgongo, natoa amri kama mkubwa.

"Nyuma ya jiko umeweka?"

"Nimeweka hujamaliza kuuliza!"

"Tone dogo, mtani, hiyo si halua."

"Nyamaza wewe, mie nimepika halua wewe unatambaa!"

Ndani huko Zuhura anacheka mpaka anaomba tumwonee huruma. Jirani mmoja akaniambia tangu ajifungue hawajamsikia akicheka.

Sikudanganyi, mende hawakwisha siku hiyo. Ila asubuhi baada ya asubuhi bi alikuwa anafagia mizoga, na akiniona chini napita anapaza sauti dirishani, jengo zima lisikie: "Mtumwa, njoo uzike ndugu zako, kuzika si ndiyo kazi ya watani!" Na Baba Shani alipoonekana tena na chupa yake, bi alimtumia salamu kwamba akipuliza tena, ile dawa itaharibika, na yeye atahamia kwake na mzazi na mtoto na beseni la nepi. Chupa hatukuiona tena. Bosi anasema mwanamke huyu angempata mapema angempa sare. Mie nikasema asimpe, atanipora ujiko.

Juzi arobaini ikafika. Mtoto katolewa, maulidi yamesomwa, pilau mpaka kwenye ngazi. Nikaenda na bosi, nimevaa shati lile la Idi. Bi Mwanahawa akatangaza mbele ya watu, "Huyu ndiye mtumwa wangu wa Urambo," watu wakacheka, na mie nikawa nimejiandaa na maneno yangu matamu ya kumjibu. Kabla sijafungua mdomo, akaniwekea mtoto mikononi.

"Haya, mtani. Sema sasa."

Dada, mie Rama, niliinama kukatazama. Kalikuwa kamelala, mdomo wazi kidogo. Pembeni ya mdomo palikuwa na maziwa tu.

Nisalimie shemeji mkoromaji, na shangazi muuza karanga, na mjomba wa mizinga. Mwambie mjomba afiche asali: Bi Mwanahawa kaapa kuja huko kuchukua mali yake kwa watani, na amesema mama ndiye atakayembeba mgongoni kutoka stesheni. Kwa hiyo huo mgongo, mama, upone.

Ni mie mdogo wako, niliyenyamazishwa na mtoto mchanga, lakini usimwambie mtu,

Ramadhani